Daftari Moja

Ratiba ilibandikwa kwa uji wa muhogo,
mende wakala kona ya Ijumaa.
Jumatatu, Historia ya Kanda: Mwalimu Shekiondo.
Jumanne, Elimu ya Afya: Bi Mwanakombo.
Nilikuwa na daftari moja, la pili halikuwa na hela.
Historia nikaianza mbele,
afya nikapindua daftari, nikaianzia nyuma.
Mkonge ukashuka, minyoo ikapanda,
kurasa za katikati zikabaki zinangoja.

Mwalimu Shekiondo hakutufundisha wafalme.
Alituletea kipande,
karatasi ngumu yenye jasho la mtu asiyekuwepo,
viboksi thelathini, siku thelathini,
kila kiboksi mkwaruzo wa nyapara.
Jina hakuna. Namba ipo: 2117.
"Soma."
Nikasoma.
"Basi na yeye ndivyo alivyoitwa,
stesheni, shambani, mpaka kaburini."
Darasa likapiga miayo, ilikuwa saa nane mchana, Tanga,
joto limekaa dawatini kama mwanafunzi mwingine.
Mimi nilimfikiria babu,
aliyetoka Kasulu akaitwa manamba,
akazeekea Pongwe, na ukimwuliza jina
alitazama kwanza kiganja chake.

Bi Mwanakombo hana maneno mengi:
"Minyoo ya matende ni waungwana wa usiku.
Mchana wamelala, saa nne wanatoka kutembea damuni.
Ukitaka kuwaona, wafuate wakiwa barazani."

Tukaenda Duga. Taa mbili,
vioo vya maabara ndani ya kopo la biskuti,
sindano, pamba, spiriti, fomu.
Mbwa walitusoma kabla ya watu.
Nyumba ya kwanza wakazima koroboi.
Ya pili mtoto akasema baba kasafiri,
na baba akakohoa chumbani.
Ya tatu, Mbwego, fundi cherehani,
akasimama mlangoni na suruali aliyojishonea,
pana mapajani kuliko fasheni yoyote.
"Usiku? Damu? Kumbe mumiani hamjaisha?"

Tupokigwe alicheka. Mimi nilishindwa.
Ukurasa wa thelathini na moja, kwa mwandiko wangu:
watu walipimwa kama magunia,
wakachomwa sindano bila kuambiwa ya nini,
wakarudi makambini na habari za mumiani.
Nilikuwa nimepigia mstari neno "bila."

Nikasema, "Fundi, anza wewe."
Nikampa sindano, nikanyosha kidole.
Hakutetemeka. Sindano ndiyo kazi yake.
Tone likatoka, akalitazama kwenye kioo
kama anayekagua pindo,
akasema, "Yako nyeusi,"
kisha akanipa kidole chake, chenye alama za miaka ya kudarizi.
Nikafungua sindano mpya, aone ninafungua.

"Jina langu mnaliandika?"
"Hapana. Tunaandika namba."
Neno lile likanikwama kooni kama uzi wa katani.
Nilitaka kumweleza juu ya kipande,
juu ya viboksi, juu ya kiganja cha babu.
Nikasema tu: "Ili mtaa usijue kioo ni cha nani."
Akaitazama suruali yake. Akaitazama taa.
"Basi andika namba.
Ila wewe, jina ulikumbuke."

Mtihani wa Novemba uliuliza:
Taja sababu tano za wananchi kukataa huduma.
Nilitaja nne, muda ukaisha
nikiwa bado ninaieleza ya kwanza.

Daftari nalo likakutana,
historia na afya zikagongana vichwa,
mwandiko mmoja umesimama, mwingine miguu juu.
Pale zilipokutana palibaki mistari mitatu.
Nikaandika kwa wino: Ntiruhungwa,
jina la babu, lote, bila kukata.
Fundi sikumwandika popote.
Mbwego si jina lake.